Simu Iliyolia Chumba cha Ndani

Kwako mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Salamu nakupa, ingawa hustahili. Mtu akikaa mbali kiasi hiki huanza kupewa karipio, salamu zinafuata nyuma. Mvua zimekuja zikaisha, zimekuja tena, nawe kila ukipiga simu ni "Bibi, mwezi ujao." Huo mwezi ujao wako una miguu ya namna gani, mbona haufiki? Unazunguka kufundisha watu jinsi ya kukaa na watu, na hapa nyumbani hata kiti chako kimesahau umbo la makalio yako. Shangazi yako ndiye anayeniandikia, na hapo amesita, anasema makalio si neno la barua. Nimemwambia aandike. Barua ni yangu, mkono ndio wake.

Haya, u hali gani? Unakula au bado unajidanganya na chai? Yale mafua yako ya kila siku yamekuacha? Sisi huku tu wazima kwa kiasi. Magoti yangu yamekuwa mabwana wakubwa, hayainuki mpaka yabembelezwe. Shangazi yako presha inapanda na kushuka, lakini ulimi haujashuka hata kidogo. Paa la jikoni tumeliziba, halivuji. Mazuri ni hayo, nimeyamaliza.

Sasa kama umesimama, kaa. Najua mdogo wako amekupigia. Amemwambia shangazi yako kwamba amekuomba uwaandikie wakubwa wako barua, useme unamjua tangu kuzaliwa, ni mtu safi na anasingiziwa. Anadai umekubali, unangoja tu utulie uiandike vizuri. Sijui kama umekubali kweli au anajipa moyo. Kama hujaiandika, usiiandike mpaka umalize haya. Kama umeiandika, usiitume. Na kama umeshaituma, soma hivyohivyo, tutajua la kufanya.

Nitakuanzia mwanzo, kwa sababu najua yeye amekuanzia katikati.

Mafuriko yalipowatoa watu bondeni, waliwekwa kwenye uwanja wa mpira nyuma ya nyumba yetu. Mahema yamefika mpaka karibu na choo chetu. Mdogo wako akapata kazi kwenye shirika hilohilo lako, wewe huko juu, yeye huku chini, msimamizi wa stoo, bado analala kwangu, anatoka alfajiri anarudi usiku. Mablanketi, ndoo, sabuni na maturubai, vyote vinapitia mikononi mwake. Sikuificha furaha yangu. Nilitembea mtaani kama mtu aliyejifungua uzeeni.

Kati ya waliohamia pale uwanjani yumo mama mmoja fundi cherehani. Mumewe alipotelea kwenye maji. Yeye aliokoa cherehani na binti yake, msichana wa miaka kumi na sita, wa kucheka ovyo, ukimwambia habari za asubuhi anacheka. Hema lao lilikuwa linavuja, cherehani ikaanza kushika kutu, nikamwambia ailete barazani kwangu. Basi ikawa kutwa yeye anakanyaga pedali, mimi nachambua mboga, tunawasengenya watu wema, na binti amekaa chini anashona vifungo. Sikuwa nimepata kampani ya namna hiyo tangu uondoke.

Ndipo semina yako ikafika. Hukuja wewe, alikuja yule kijana wa miwani uliyemtuma, na vitabu vyenye jina lako. Nilimwambia shangazi yako anisomee jina hilo, kisha nikamwambia arudie, anajifanya amechoka. Wafanyakazi wote wa shirika, madereva, walinzi, wagawaji, waliwekwa darasani kwenye shule ya jirani. Walitaka mtu wa kuwapikia chai, nikawa mimi. Nilikuwa naingia na birika, natoka na birika, na masikio yangu, unayajua, hayabaki jikoni.

Nilisikia mambo ya maana, na nilijua ni yako hata pale kijana alipoyasema kwa lugha ya ofisini. Kwamba msaada si mali ya anayeugawa. Kwamba mwanamke akiomba ndoo asiulizwe atatoa nini. Kwamba mwanamke anayefanya kazi ya kubeba magunia alipwe sawa na mwanamume anayebeba magunia hayohayo. Kwamba mtu mzima akimtaka mtoto, hakuna cha kusema mtoto alikubali. Dereva mmoja akauliza, je, kama binti mwenyewe ndiye anayemchekea mtu? Kijana wa miwani akamjibu bila kupepesa kwamba kucheka si ruhusa. Nikamwongezea sukari.

Siku ya mwisho kulikuwa na igizo. Uliliandika wewe, unalijua: binti anakwenda kuomba turubai, bwana stoo anataka mwili wake kwanza, mfanyakazi mwenzake anatokea, anamzuia, anakwenda kuripoti. Wakakosa wa kuwa binti. Wafanyakazi wa kike waliona haya, na pale uwanjani hakuna mama aliyekubali kumtoa mwanawe kwa mchezo wa namna ile. Nikasema nipeni mimi. Basi bibi yako, na meno yake haya yaliyobaki, akajifunga kitambaa kichwani kwa madaha, akarembua macho, akawa msichana. Bwana stoo akawa mdogo wako, kwa kuwa ndiye bwana stoo wa kweli na kwa kuwa hajawahi kuona haya mbele za watu. Madirisha yalijaa vichwa vya watu wa uwanjani. Niliposema, kaka, naomba turubai, mama yangu mzee ananyeshewa, mtu mmoja akapiga kelele kwamba mama yako huyo atakuwa na miaka mia mbili. Watu walicheka mpaka kijana wa miwani akavua miwani apanguse machozi. Fundi alikuwa dirishani anapiga ukuta kwa kiganja. Binti yake alikuwa kando yake.

Mdogo wako alikaa juu ya meza, akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akasema kwa upole kabisa: ingia, dada, rudisha na mlango, upepo unanipeperushia karatasi.

Maneno hayo hayakuwa kwenye igizo lako. Kijana wa miwani alimsifu baadaye mbele ya wote, akasema hicho ni kipaji, kwamba wabaya wa kweli ndivyo walivyo, hawafoki. Makofi yakapigwa. Mimi nikageukia dirishani nipokee sifa zangu, nikaona binti wa fundi hayupo. Nikadhani amechoka kusimama.

Baada ya hapo wafanyakazi walijifungia wenyewe, wakachagua mtu wa kukaa na simu ya malalamiko. Nimeambiwa utaratibu ndivyo ulivyo, na ni wako: achaguliwe na wenzake, awe mpole, anayependwa na watu, na jina lake lisitangazwe ili asije akafuatwa nyumbani. Namba ikabandikwa bombani, vyooni na mlangoni mwa zahanati. Piga bila woga, ndivyo ilivyoandikwa juu yake. Watu wa uwanjani waliikariri hata wasiojua kusoma, kwa sababu kwenye foleni ya maji hakuna kingine cha kutazama.

Mvua zikarudi. Hema la fundi lilikuwa limepata turubai jipya la buluu tangu kabla ya semina, hata wenzake wanamwonea wivu, wanamuuliza amepitia wapi. Yeye anasema ni bahati. Cha ajabu, yule binti hakai chini yake. Mvua ikianza tu, yeye nje. Anaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amelowa chapachapa, na mama yake yuko ndani mkavu anamwita. Mwanzoni tulimtania, tukamwita bata. Hakucheka. Vifungo akawa anavishona upande, akiambiwa afumue anafumua, anavishona upande tena. Akaanza kukohoa. Siku moja mama yake akamshika kwa nguvu amwingize ndani, na binti akamng'ata mkono hadi damu.

Kesho yake fundi alikuja barazani mkono umefungwa kitambaa. Hakuigusa cherehani, alikuja kukaa karibu yangu. Akaniambia mtoto amesema, lakini si yote. Amesema lile turubai halikutolewa bure, kwamba aliitwa stoo akaambiwa atalipata, na kwamba aliyelilipia ni yeye. Alipoulizwa ni nani, akafunga mdomo. Akaniuliza, bibi, stoo ina wanaume na getini kuna walinzi, mimi nimshike nani koo?

Nakuapia, mdogo wako hakunipita akilini. Nilimfikiria yule mlinzi mwenye macho mekundu, maskini ya Mungu, nikamtukana kimoyomoyo. Nikamwambia fundi, namba si ipo? Mjukuu wangu wa kike ndiye aliyeyatunga mambo hayo, piga, watakusikiliza, wala hawatakutaja kwa mtu. Nilisema hivyo nimevimba kama chura. Binti alikuwa amesimama kwenye nguzo ya baraza, amejitanda shuka. Fundi akatoa kisimu chake, akabonyeza, akakiweka sikioni.

Simu ikalia chumba cha ndani.

Nilidhani imetokea tu. Fundi akakata, kule ndani kukanyamaza. Akapiga tena, kule ndani ikalia tena. Mdogo wako hakuwa zamu, alikuwa bafuni anaoga, namsikia anaimba. Niliinuka, siku hiyo magoti hayakungoja kubembelezwa, nikaingia chumbani kwake. Kitandani kuna kisimu cheusi chenye kibandiko cha shirika mgongoni. Nikakipokea kama mlivyonifundisha, nikasema haloo. Mlango ulikuwa wazi, ninamwona fundi barazani. Alikuwa ananisikia kwa masikio yote mawili, sikio moja kwenye simu, sikio la pili kutoka chumbani mwa nyumba yangu. Uso wake siwezi kukueleza, na shangazi yako asijaribu kunisaidia.

Mdogo wako akatoka bafuni na taulo kiunoni, akauliza nani ameshika simu yake ya kazi. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayetafuta sabuni. Yule binti akaketi chini palepale alipokuwa, akatapika juu ya kitambaa cha mteja.

Hapo hakuna aliyehitaji kuuliza tena. Lakini binti alisema. Alisema mdogo wako alipokwisha kuvaa haraka na kutoka bila kuaga, na alisema ameuelekeza uso ukutani. Alikwenda stoo mchana, jua linawaka, watu wanapita nje na ndoo zao. Alimkuta yuko peke yake, mpole, anamwita dada. Akamwambia arudishe mlango, upepo unampeperushia karatasi.

Mjukuu wangu, sikia. Maneno hayo nimeyasikia mwenyewe, niliambiwa mimi, mbele ya watu. Mtoto yule alisimama dirishani akaona jambo lililompata linafanywa kichekesho, na bibi mzima anayemwita mwanangu kila siku ndiye anayelicheza, amerembua macho, anangoja kupigiwa makofi. Na aliyemfanyia ameketi mezani anasifiwa kipaji. Kisha akarudi kwenye hema akaketi chini ya turubai. Wewe ungekaa?

Nilimngoja mdogo wako. Akarudi amenuna kidogo, kama mtu aliyekuta chakula kimepoa. Unajua mimi humwita mume wangu tangu alipoanza kutembea, naye huniitikia mke wangu, hata mbele ya wakubwa zake. Siku hiyo nilimwita jina lake, akajua. Kwanza alicheka, akasema watu wa uwanjani wana maneno mengi kwa kuwa hawana kazi. Nilipomtajia mlango na upepo, akaacha kucheka. Akasema yule si mtoto. Akasema binti mwenyewe ndiye aliyekuwa anamchekea. Akasema alitaka kuwasaidia tu, zamu yao ya turubai ilikuwa bado kabisa. Nikamwambia hayo ya kuchekewa yalijibiwa darasani, nami nilikuwapo na birika langu. Akaniambia, Bibi, ile ni semina. Hivyohivyo, kama mtu anayemweleza mtoto mdogo. Ile ni semina.

Kisha akalia. Akanishika miguu, akaniuliza kama kweli nitamtupa yeye kwa ajili ya watu walioletwa na maji. Akaniuliza nani atakuwa ananipeleka zahanati. Ninampenda, mjukuu wangu. Shangazi yako ameacha kuandika, ananitazama. Andika: ninampenda. Mama yenu alipofariki huyu alikuwa hajaota jino, wewe umeshika upindo wa nguo yangu, na alipokataa kijiko nilimlisha uji kwa kidole. Kidole hiki bado kinamjua. Nilimwambia ainuke, akusanye nguo zake, atoke nyumbani kwangu. Sasa yuko kwa mjomba wenu.

Mjomba wenu naye akaja na ile sauti yake ya msibani, anataka tuyamalize ndani kwa ndani. Eti fundi anunuliwe cherehani ya umeme, binti apelekwe kwa ndugu wa mbali akasahau, na kijana akatafute kazi kwingine. Nikamuuliza, na huko kwingine hakuna mabinti? Akaniambia ninazeeka vibaya. Nikamwambia nilianza zamani, yeye ndiye hakuwa anaangalia. Aliondoka bila kumaliza chai yake, na ujue yule hajawahi kuacha chai ya bure.

Baada ya hapo likaja gari kutoka ofisi kuu. Mdogo wako akasimamishwa kazi, simu ikachukuliwa, stoo ikatiwa makufuli mpaka uchunguzi uishe. Na kugawa kukasimama. Hapo ndipo ubaya ulipogeuka upande. Watu wote wale wako kwenye matope bila sabuni wala blanketi, na kila mmoja anajua sababu ni mdomo wa mtu. Ofisi haimtaji mtu huyo, kwa hiyo wamejichagulia wenyewe. Wamemchagua fundi. Mdogo wako hakuwakatalia. Anawaambia mwanamke yule alitaka mablanketi ya ziada, akanyimwa, ndiyo maana anamchafua.

Wateja wamekuja barazani kuchukua vitambaa vyao, vingine vimeshakatwa, sketi ina upande mmoja tu, wanavikunja wanaondoka bila hata kunisalimu vizuri. Fundi akienda bombani, foleni inajifunga, kila nafasi ina mwenyewe. Mwanamke mmoja, ambaye fundi huyuhuyu alimshonea mtoto wake nguo bure, alimtemea mate miguuni. Majuzi wamelichana turubai lao kwa kisu. Binti alipoona limechanika alicheka, na ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu siku zile, na mama yake aliposikia kicheko kile akalia kwa sauti. Sasa msichana hatoki. Simu ya mtu yeyote ikilia karibu, anaziba masikio.

Watu wa uchunguzi walikuja barazani. Wanaongea vizuri, hawakati maneno. Lakini wanasema binti hakuweza kumaliza maelezo, na mtuhumiwa ana sifa nzuri kwa wenzake, hadi wakamwamini kukaa na simu. Hapo ndipo barua yako inapoingia. Wewe ndiye mwenye kitabu. Ukisema ni mtu safi, nani atakubishia? Wataiweka barua yako huku na msichana anayetapika kule, na unajua watakaloamua. Yule mtoto ataambiwa amesema uongo kwa karatasi yenye jina lako, jina ninalolionea fahari mimi.

Sasa sikia jambo ambalo mdogo wako halijui, mjomba wenu halijui, na shangazi yako analijua sasa hivi anapoliandika. Fundi hakuripoti. Angeripoti kwa nani, na simu ya kuripotia amesikia inalia kwangu? Aliyeripoti ni mimi.

Asubuhi baada ya kumfukuza mdogo wako nilivaa gauni langu la safari, nikaenda mpaka ofisi kuu. Mlinzi wa getini, aliyekunywa chai yangu siku za semina, alinichangamkia, akadhani mjukuu wangu ameitwa huko nami nimemletea chakula. Nikamwambia namtaka mkubwa, na awe mwanamke. Nilikalishwa mbele ya mama mmoja mwenye kikohozi, nikamwambia yote. Igizo, turubai, simu, taulo, kile kitambaa cha mteja. Akaniuliza nina uhusiano gani na mtuhumiwa. Nikamwambia nimemlea. Aliacha kuandika, akaniuliza kama nina hakika nataka kuendelea, akaniambia ninaweza kwenda nyumbani nikafikiri. Nikamwambia nyumbani ndiko ninakotoka. Nikamwomba wino nikaweka dole gumba. Akaniahidi sitatajwa. Nikarudi, nikapika, na tangu chakula cha siku hiyo ladha haijarudi kinywani mwangu mpaka leo.

Na kweli sikutajwa. Kunitunza wamenitunza. Watu wananipa pole njiani, eti nimemkaribisha mtu barazani akanigeukia. Mwenye kutukanwa ni mwenzangu, mwenye kupewa pole ni mimi, na yeye anajua ni mimi niliyekwenda, nilimwambia, wala hajafungua mdomo kujitetea. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, bibi, nikikutaja wewe nitabaki na nani?

Kwa hiyo nimeamua. Jumamosi watu wote wameitwa uwanjani, ofisi inakuja kueleza kwa nini kugawa kumesimama. Nitasimama niseme ni mimi, na niliwaambia nini. Si jambo la binti nitakalolisema, hilo ni lake. Nitasema langu: kwamba mjukuu wangu nimemshtaki mwenyewe, na anayemtaka mshitaki asipite kwa fundi, aje kwangu, nyumba anaijua. Yule mama mwenye kikohozi hatafurahi. Mdogo wako hatanisalimu tena, pengine hata siku ya kunizika atasimama mbali na kaburi. Nimelifikiria hilo mpaka nikaliona kwa macho, amesimama kule pembeni na mikono nyuma. Na bado nitasimama.

Sikwambii umchukie. Akifungwa nitampikia mimi mwenyewe, nawe utanisaidia kubeba. Lakini usimpe usafi asio nao. Na hilo la simu ulitazame. Mimi kazi yenu siijui, sijui huko mnachaguanaje. Ninalojua ni kwamba mlitafuta mtu anayependwa na watu, na kwa kumpenda ndiko sote tulikoshindwa kumwona. Mimi ndiye niliyempenda kuliko wote, kwa hiyo silaumu mtu. Kitabu chako kimekwenda mahali pengi. Waandikie huko kote, wachukue simu hizo kwa watu wa stoo, leo, usingoje semina nyingine. Sidhani ni uwanja huu peke yake. Na lile igizo lisichezwe tena watu wakiwa madirishani. Hujui nani amesimama hapo.

Shangazi yako anakusalimu. Ukiona mahali wino umetapakaa ni yeye, anasema ni jasho, na hapa hakuna joto. Msalimie mama mwenye nyumba wako, mwambie namshukuru kwa kukutazama ulipougua. Jitunze. Ule, na usiule huo uchungu peke yako, nipigie hata kama ni kwa kunyamaza, nitakusikia unapumua.

Na ukija, maana safari hii utakuja, usije kwangu kwanza. Gari la shirika liache huko barabarani, uje kwa miguu. Pita nyuma ya nyumba bila kuniita, nenda mpaka kwenye hema la fundi. Piga hodi, kaa watakapokukalisha, hata kama ni chini, na kabla hawajakuuliza wewe ni nani, waambie wewe ni dada wa nani. Usikimbilie kutoa pole na usiwaeleze kitu. Ngoja waseme wao. Wakikufukuza, ondoka bila kujitetea, urudi kesho yake, na kesho kutwa. Siku watakapokukubalia kukaa, ndipo uje kwangu tule.

Mimi bibi yenu,
niliyewabeba wewe na yeye.